Dhana za Awali za Uwezekano kwa Mwanafunzi Anayeanza Somo la Takwimu Chuoni: Ufafanuzi kwa Mfano wa Urithi wa Selimundu katika Familia ya Soga, Kibaha

Utangulizi

Soga ni kata ya Wilaya ya Kibaha katika Mkoa wa Pwani, jirani na Wilaya ya Kisarawe. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita hapo, na reli ya kisasa ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 nayo ina stesheni yenye jina hilo. Kijana wa Soga anayepata nafasi ya chuo anaweza kuelekea mashariki, Dar es Salaam, au magharibi, Morogoro, vilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Mzumbe. Awe anakwenda kusomea uuguzi, kilimo, uhasibu au ualimu, aghalabu hukutana mapema na somo la takwimu za awali. Somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali kuhesabu, kugawa na kushughulika na sehemu kama nusu na robo alijifunza kwa Kiswahili katika shule ya msingi.

Majuma ya kwanza ya somo hilo huwa mepesi. Mwanafunzi hupanga data katika majedwali, huchora grafu, hutafuta wastani. Ugumu huanza pale mada ya uwezekano inapoingia. Vitabu vingi hufungua mada hiyo kwa sarafu na dado. Mifano hiyo ni safi mno: kila uso wa dado una nafasi sawa na wenzake, hakuna anayelia sarafu ikiangukia upande huu au ule, na mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kuwa ameelewa. Makala haya yanafafanua dhana hizo hizo za mwanzo kwa kutumia jambo ambalo familia nyingi za ukanda wa Pwani zina haja ya kulielewa kwa lugha yao wenyewe: urithi wa selimundu, ugonjwa unaojulikana pia kama sikoseli. Familia inayotajwa humu ni ya kubuni, lakini hesabu zake ndizo zinazowahusu wazazi wote walio katika hali hiyo.

Maneno kabla ya namba

Mwanafunzi haingii darasani mikono mitupu. Kiswahili kina maneno mengi ya kupimia jambo lisilo na hakika: nadra, huenda, labda, pengine, yumkini, aghalabu, bila shaka. Mzungumzaji anayasogeza maneno haya kama anayesogeza uzito kwenye mizani, na anayemsikiliza huelewa tofauti kati ya “huenda mvua ikanyesha” na “aghalabu mwezi huu mvua hunyesha”. Uwezekano wa kitakwimu ni mizani hiyo hiyo iliyopewa namba, kuanzia 0 kwa jambo lisiloweza kutokea hadi 1 kwa jambo lisiloweza kukosa kutokea.

Hata hivyo, maneno mawili huleta mkanganyiko. La kwanza ni “uwezekano” lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida, kusema “kuna uwezekano” ni kutangaza kwamba jambo halijazuiwa, basi, halielezi kiasi. Darasani neno hilo hilo hudai kiasi. La pili ni “nasibu”. Wengi wamelizoea katika “bahati nasibu”, na kwa hiyo hulichukulia kuwa ni jambo lisilo na utaratibu wowote, la kubahatisha tu. Katika takwimu nasibu ina utaratibu mkali: tokeo la mara moja halitabiriki, lakini mgawanyo wa matokeo katika marudio mengi unajulikana. Mwalimu asipozitenganisha maana hizi siku ya kwanza, atazikuta zimechanganywa katika sura ya tatu ya tasnifu miaka mitatu baadaye.

Kuhesabu matokeo yote

Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hupoteza umbo lake la kawaida na kuwa kama mundu, hali inayosababisha maumivu makali, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Kila mtu ana nakala mbili za jeni husika, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala ya kawaida huandikwa A, nakala ya selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana jeni ya ugonjwa. Mwenye AS ni mbebaji. Kwa kawaida huishi bila dalili na anaweza kuzeeka bila kujua. Mwenye SS ni mgonjwa. Jeni hii haikuenea Afrika Mashariki kwa sadfa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake yaliyoonesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana ubebaji ni mkubwa zaidi katika maeneo yaliyoteswa na malaria kwa vizazi vingi.

Tuchukulie wazazi wawili wa Soga, wote AS. Je, uwezekano wa mtoto wao kuwa SS ni upi? Mwanafunzi anayeanza hujibu haraka kwamba kuna aina tatu za watoto, AA, AS na SS, kwa hiyo ni theluthi moja. Jibu hili si sahihi, lakini halistahili kuchekwa. Mwaka 1754 mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa, Jean d'Alembert, aliandika katika ensaiklopidia aliyoihariri pamoja na Denis Diderot kwamba sarafu ikirushwa mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni theluthi mbili. Aliona matokeo matatu: kichwa katika mrusho wa kwanza, ambapo hakuna haja ya kurusha tena, kichwa katika mrusho wa pili, na kukosa kabisa. Aliyahesabu kama matokeo yenye uzito sawa, ilhali hayana. Jibu sahihi ni robo tatu.

Tiba ya kosa hili ni kuandika matokeo yote mpaka kila moja liwe na uzito sawa na jingine. Baba hutoa A au S, nusu kwa nusu. Mama vilevile. Tukitanguliza herufi ya baba, kuna matokeo manne: AA, AS, SA, SS. Kila moja ni robo. Mtoto mbebaji hupatikana kwa njia mbili, AS au SA, kwa hiyo uwezekano wa ubebaji ni robo mbili, yaani nusu. Mgonjwa hupatikana kwa njia moja tu, robo.

Kanuni mbili za msingi zimekwisha kutumika hapo kabla ya kutajwa. Tokeo linalohitaji S ya baba na S ya mama huzidishwa: nusu mara nusu ni robo. Tokeo linaloridhika na AS au SA hujumlishwa: robo na robo ni nusu. Viunganishi “na” na “au” vinatosha kumkumbusha mwanafunzi lini azidishe na lini ajumlishe, ila kwa masharti: kuzidisha namna hiyo kunahitaji matukio yawe huru, na kujumlisha kunahitaji matukio yasiyoweza kutokea pamoja.

Robo haina zamu

Hapa ndipo mada yote inapopata uzito wake. Mhudumu wa afya akimwambia mama, “Kwa kila watoto wanne, mmoja ataugua,” amesema jambo linalofanana na ukweli, na mama huyo akalipokea kama ratiba. Ikiwa mtoto wa kwanza ni mgonjwa, atahesabu kwamba zamu imepita na watatu wanaofuata wako salama. Ikiwa watatu wa kwanza ni wazima, ataogopa mimba ya nne kana kwamba deni linadaiwa. Wapo pia wanaofikiri kinyume, kwamba familia iliyopata wawili wagonjwa imefungwa, na wa tatu hana budi kuugua. Fikra zote tatu zina kosa moja ndani yake: zinaipa jeni kumbukumbu.

Kila mimba huanza upya. Yai na mbegu havijui kilichompata mtoto aliyetangulia. Matukio ya namna hii huitwa huru: kujua tokeo la mojawapo hakubadilishi uwezekano wa jingine. Wazazi wetu wa Soga wakiwa na mtoto mmoja mgonjwa, uwezekano wa mtoto wa pili kuugua ni robo. Wakiwa na wazima watano mfululizo, uwezekano wa wa sita kuugua ni robo ile ile.

Kauli ya “mmoja kati ya wanne” inakuwa na maana gani basi? Hesabu ya familia yenye watoto wanne inajibu. Uwezekano wa mtoto mmoja kutougua ni robo tatu. Uwezekano wa wote wanne kutougua ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 81 kati ya 256, takribani asilimia 32. Uwezekano wa mmoja tu kuugua hutafutwa kwa kuhesabu kwamba mgonjwa huyo anaweza kuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne: njia nne, kila moja ikiwa na 27 kati ya 256, jumla 108 kati ya 256, takribani asilimia 42. Wawili kuugua ni 54 kati ya 256, asilimia 21. Watatu ni 12 kati ya 256. Wote wanne ni 1 kati ya 256. Mwanafunzi ajumlishe mwenyewe 81, 108, 54, 12 na 1. Asipopata 256 kuna njia aliyoisahau au aliyoihesabu mara mbili.

Maana yake ni kwamba hata katika familia zenye watoto wanne kamili, zile zinazotimiza “ratiba” ya mgonjwa mmoja hazifiki nusu. Karibu theluthi moja hazitapata mgonjwa hata mmoja, na wazazi wao huenda wasijue kamwe kwamba ni wabebaji. Zaidi ya robo zitapata wagonjwa wawili au zaidi, na hizo ndizo zinazosemwa mtaani kuwa zimerogwa. Hakuna haja ya mchawi. Robo ile ile, ikifanya kazi katika nyumba nyingi, huzaa nyumba za kila namna.

Kauli iliyo sahihi, na isiyo ngumu zaidi ya ile ya kwanza, ni hii: “Mama, kila utakapobeba mimba, kwa mtoto huyo peke yake, kuna nafasi moja kati ya nne ya kuugua, waliotangulia hawaongezi wala hawapunguzi.” Mwanafunzi wa uuguzi anayeweza kuitamka sentensi hiyo na kuitetea ameielewa dhana ya matukio huru kuliko aliyekariri fomula yake.

Taarifa mpya hubadilisha hesabu

Uhuru wa matukio haumaanishi kwamba uwezekano haubadiliki kamwe. Tuseme kijana aliyepata nafasi ya chuo ni mtoto mzima wa wazazi hao, na mdogo wake ni mgonjwa. Uwezekano wa kijana huyo kuwa mbebaji ni upi? Wengi hujibu nusu, kwa kuwa walikwisha kuikokotoa. Lakini tunajua jambo ambalo halikujulikana siku ya kutungwa kwa mimba yake: si mgonjwa. Tokeo la SS limekwisha kufutwa. Yamebaki matatu yenye uzito sawa, AA, AS na SA, na mawili kati yake ni ya ubebaji. Jibu ni theluthi mbili. Huu ndio uwezekano wenye sharti, na kazi yake ya kwanza ni hiyo tu: kufuta matokeo yasiyowezekana tena, kisha kuhesabu upya yaliyobaki.

Kijana huyo anapofikiria kuoa, hesabu inaendelea. Tuchukulie, kwa ajili ya mfano, kwamba katika jamii anamotafuta mchumba watu 15 kati ya 100 ni wabebaji. Makadirio ya Tanzania kwa kawaida hutajwa kati ya asilimia 13 na 20. Kabla ya kupima, uwezekano wa mtoto wao wa kwanza kuugua ni theluthi mbili, mara 15 kwa 100, mara robo: 1 kati ya 40. Akipima na kuonekana AS, theluthi mbili inageuka 1, na jibu linapanda hadi karibu 1 kati ya 27. Akionekana AA, linashuka hadi 0, hata mchumba akiwa mbebaji. Damu yake haijabadilika kati ya asubuhi na jioni ya siku ya kipimo. Kilichobadilika ni kinachojulikana. Wanafunzi wengi hulipinga jambo hili mwanzoni, wakidhani uwezekano ni sifa ya kitu chenyewe kama urefu au uzito, na ni vyema wapewe muda wa kulipinga.

Kutoka nyumba moja hadi taifa

Kwa asilimia hiyo hiyo ya 15, uwezekano wa watu wawili waliokutana bila kujali jeni zao kuwa wabebaji wote ni 15 kwa 100 mara 15 kwa 100, yaani asilimia 2.25. Robo ya watoto wao wataugua: takribani 56 katika kila watoto 10,000. Watoto wanaozaliwa Tanzania kwa mwaka ni takribani milioni mbili. Hesabu hiyo inatoa watoto wapatao 11,250 wenye selimundu kila mwaka, na kadirio linalotajwa mara nyingi na watafiti wa ugonjwa huu nchini ni takribani 11,000. Kwa mwanafunzi aliyeanza na herufi nne kwenye karatasi, kukaribiana huko kunatia moyo.

Kunahitaji pia tahadhari. Hesabu hiyo imechukulia kwamba kila mtu huoa mahali popote nchini na kwamba asilimia ni moja kila mkoa. Mambo hayo mawili si ya kweli. Watu huoana zaidi na majirani, watu wa kabila lao na, katika baadhi ya jamii za mwambao, binamu. Mbebaji aliyeoa ndani ya ukoo wake hachukui 15 kati ya 100 ya taifa. Nafasi ya mwenziwe kuwa mbebaji ni kubwa zaidi, na kuzidisha kwa kanuni ya matukio huru kutatoa jibu dogo kuliko hali halisi.

Familia zinazopatikana kliniki

Kosa la mwisho linawahusu moja kwa moja wanafunzi wanaoandika tasnifu. Tuseme mtafiti anataka kuthibitisha ile robo. Anakwenda kliniki ya selimundu, anachagua familia zenye wagonjwa kwa usampulishaji lengwa, anahesabu watoto wote na wagonjwa wote, kisha anagawanya. Atapata namba kubwa kuliko robo, na huenda akaandika kwamba nadharia haiendani na hali ya Pwani.

Familia 16 zenye wazazi wabebaji na watoto wawili kila moja zinaonesha kilichotokea. Kwa mgawanyo unaotarajiwa, 9 hazina mgonjwa, 6 zina mmoja, na 1 ina wawili. Watoto wote ni 32, wagonjwa ni 8: robo kamili. Lakini zile 9 hazina sababu ya kwenda kliniki. Mtafiti anazikuta 7 tu, zenye watoto 14, na wagonjwa ni wale wale 8. Anapata asilimia 57. Kila jibu aliloandika katika hojaji ni la kweli, na hesabu yake ya kugawanya haina dosari. Kilichompotosha ni mlango alioingilia: sampuli yake ilimtaka kila mshiriki awe tayari amepata tokeo lile lile analolipima.

Usampulishaji lengwa una matumizi yake halali, hasa pale mtafiti anapotaka kuelewa jinsi familia inavyoishi na ugonjwa. Haufai kukadiria ugonjwa unatokea kwa kiasi gani. Kwa hilo, mtafiti wa Soga angehitaji orodha ya kaya zote za kata, zenye wagonjwa na zisizo na wagonjwa, kisha achague kwa nasibu ili kila kaya iwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Hata hapo, angelazimika kuwapima wazazi wa nyumba ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuugua, na kuwaeleza, kwa Kiswahili, kwa nini nyumba zao zinahesabiwa.